Kadi ya Mke, Pawa Saplai ya Mume

Bibi harusi alikwama akiwa anashuka kwenye gari. Mguu mmoja ulikuwa hewani, mdomo wazi, shela imepeperuka upande, kama mtu aliyenong'onezwa habari mbaya za ukoo anakoolewa. Mkasi alingoja. Akabonyeza tena. Bibi harusi akashusha mguu nusu, akakwama upya. Feni ya kompyuta ikavuma kwa hasira, kisha ikanyamaza, na skrini yote ikawa nyeusi.

"Mungu nipe subira," Mkasi alisema, ingawa subira yake ilikuwa imekwisha tangu asubuhi.

Jina la Mkasi halikutokana na ushonaji. Kazi yake ilikuwa kukata video za harusi: kutoa wajomba waliolala kwenye viti, kutoa hotuba zilizopitiliza, kubakiza machozi yanayopendeza. Alifanya kazi hiyo nyumbani, sebuleni, kwenye meza iliyobanwa kati ya kabati na mlango wa chumba cha mama mkwe wake. Meza iliwekwa pale makusudi. Mama mkwe alipooza upande wa kushoto miaka miwili iliyopita, na mtu wa kumgeuza, kumwogesha na kumpeleka chooni alikuwa huyo huyo anayekata harusi. Wasichana wa kazi walijaribiwa. Wa kwanza aliukimbia ulimi wa mama mkwe kabla ya mshahara wake wa kwanza, wa pili hakungoja hata nguo zake zikauke kwenye kamba.

"Mkwe," sauti ilitoka chumbani. "Hicho kilichonyamaza ni nini?"

"Kompyuta, mama."

"Imekufa?"

"Imezimia tu."

"Basi kabla haijazinduka, njoo unigeuze. Mbavu zinaniuma."

Mkasi alikuwa bado ameinama kitandani, mkono mmoja chini ya bega la mama mkwe, simu ilipolia. Alikuwa mwenye studio anayempa kazi. Mpiga picha wa studio alikuwa amenunua kamera mpya, picha zake zilikuwa safi mno na nzito mno, na mashine ya Mkasi haikuwa na nguvu ya kuzibeba.

"Dada yangu, nakuheshimu," mwenye studio alisema. "Lakini harusi ile naitaka wiki ijayo. Hapa studio kuna mashine, na kuna kiti. Njoo ukae kama wenzako."

"Bosi, unajua nina mgonjwa."

"Kila mtu ana mgonjwa wake."

"Nikiongeza kadi mpya ya picha, mashine yangu itaweza. Nimeuliza watu."

"Ongeza basi. Ukishindwa safari hii, sitakuletea tena kazi nyumbani. Utakuja kukaa hapa, au nitafute mwingine."

Mkasi aliiweka simu juu ya shuka. Mama mkwe, ambaye masikio yake hayakupooza hata kidogo, alimtazama kwa jicho lake zima.

"Ukienda huko, mimi nitabaki na nani? Na ukuta?"

*

Mume wa Mkasi alinunua na kuuza vyuma chakavu. Watu walimwita Mizani. Pale yadi alikuwa na mizani halisi, kubwa, ya kusimama, lakini aliitumia kuwaridhisha wateja tu. Yeye mwenyewe alikiinua kitu kwa kiganja, akafumba macho, akatamka uzito wake, na mizani ikaja kumthibitisha. Watu walimletea mota za pampu zilizojazwa mchanga, mabomba yaliyotiwa matope katikati, na wote aliwarudisha na mzigo wao. Hilo lilimfanya awe mtu mwenye jina mjini, na lilimfanya aamini kwamba hakuna kitu duniani kisichoweza kujulikana kwa kuinuliwa.

Jioni hiyo Mkasi alimweleza shida yote. Kadi ya picha, kile kifaa cha ndani kinachochora picha kwenye skrini, ndiyo inayobeba video. Kadi mpya hula umeme mwingi, na pawa saplai ya zamani, lile sanduku la chuma ndani ya kompyuta linalopokea umeme wa ukutani na kuugawa, lilikuwa dogo na halikuwa na waya wa kadi. Kwa hiyo vitu viwili: kadi, na pawa saplai ya kuilisha.

"Fedha unazo?" Mizani aliuliza.

"Ninazo za vyote viwili. Nilikuwa naweka."

Mizani alitafuna polepole. Mke kuwa na akiba ya vitu viwili, na mume kutokuwa na la kusema, ni jambo linalokwama kooni.

"Kadi nunua wewe," alisema mwishowe. "Hiyo pawa saplai niachie mimi. Usifanye kama huna mume."

Nyumba hii ilikuwa na desturi yake ya manunuzi. Walipokuwa wachanga katika ndoa waligombana dukani kwa ajili ya pazia, wakagombana mpaka muuza mapazia akawapa maji ya kunywa, na tangu siku hiyo walikubaliana kwamba kila wakienda kununua, kila mmoja ana neno moja. Ukishinda kwenye kitanda, mwenzio atashinda kwenye godoro. Rangi ya ukuta wewe, rangi ya mlango mimi. Watoto walikua na kuondoka katika nyumba ya milango ya kijani na kuta za waridi, na hakuna aliyekufa. Mkasi alipomjibu mumewe "sawa", alikuwa anajibu kwa mazoea ya mapazia na magodoro.

*

Duka la kompyuta lilikuwa jembamba kama ushoroba. Muuzaji, mwanamume mwenye kalamu sikioni, alimwona Mkasi kwanza lakini akamsalimia Mizani.

"Karibu mzee. Tukusaidie nini?"

"Natafuta kadi ya picha," Mkasi alisema.

"Sawa. Mzee, mashine ni ya michezo au ya ofisi?"

"Mashine ni yangu. Nakata video."

"Vizuri sana dada." Muuzaji akamgeukia tena Mizani, akatoa kadi pana yenye feni tatu na taa za rangi pembeni. "Hii mzee ni mnyama. Hii haisumbuliwi na kitu."

Mizani aliipokea. Kiganja kikashuka kidogo, uso ukatulia. "Hii ina mwili," alisema.

Mkasi aliinama akaichungulia. Vichwa vya skrubu vilikuwa vimechubuka, na ndani ya feni vumbi lilikuwa limeganda.

"Imetumika hii."

"Kidogo tu, dada."

"Ilikuwa inafanya kazi gani?"

"Kazi za kawaida."

"Mchana na usiku?"

Muuzaji alicheka, lakini alicheka akimtazama Mizani, kama wanaume wanavyochekeana mke wa mtu anapouliza bei ya nyama mara ya pili. Mkasi akaacha kumtazama. Alikuwa amepima kasha la kompyuta yake kwa rula, na mnyama yule asingeingia hata akikunjwa. Akaomba kadi iliyokuwa kwenye boksi lake jipya, feni mbili, fupi, yenye kumbukumbu kubwa maana ndiyo inayotakiwa na video.

Mizani aliiinua. "Nyepesi."

"Siinunui kwa kilo."

"Nasema tu. Ile ni mara mbili ya hii."

"Hili ni neno langu," Mkasi alisema, na Mizani akarudisha mnyama mezani bila ubishi, kwa sababu desturi ni desturi.

Ikaja zamu ya pawa saplai. Muuzaji alileta mbili. Moja ilikuwa ya kijivu, imeandikwa wati mia sita, na bei yake ilimfanya Mizani aisome mara mbili. Nyingine ilikuwa nyeusi, inang'aa, imeandikwa wati mia nane kwa herufi za dhahabu, na bei yake haikufika hata nusu ya ile.

"Tuchukue ya kijivu," Mkasi alisema. "Nimeisikia kwa watu wanaofanya kazi hii."

"Ya mia sita? Na mia nane ipo hapa kwa bei ya huruma?"

"Kuandika mia nane hakuna gharama. Hata mimi naweza kujiandika mia nane kwenye paji la uso."

Mizani alikuwa amekwisha kuweka ya kijivu kiganja cha kulia na nyeusi kiganja cha kushoto, na macho yamefumbwa. Wateja wawili waliokuwa wakichagua vipaza sauti waliacha kuchagua.

"Hii," alisema, na kiganja cha kushoto kikashuka. "Ndani kuna shaba. Kuna transfoma nzito. Hiyo nyingine ni jina tu."

"Mzee unajua vitu," alisema muuzaji.

"Mume wangu, nakuomba."

"Kadi ilikuwa neno lako. Au sivyo?"

Alikuwa ameshatoa fedha. Zilikuwa noti za yadi, zimekunjwakunjwa, zina kutu kwenye kingo, na alizihesabu mbele ya wateja wale kwa heshima yote. Mkasi alijua kwamba akisema neno jingine, atakuwa anamvua mumewe nguo mbele za watu. Alikasirika na muuzaji, akakasirika na kalamu ya muuzaji, na zaidi akajikasirikia mwenyewe, maana alikuwa anajua.

*

Tuseme haki: mwanzoni ilifanya kazi. Mkasi alifunga kadi, akafunga pawa saplai, akawasha, na zile picha nzito zikatiririka. Alikata ukumbi, akakata keki, akamtoa mjomba mmoja aliyekuwa akijikuna katikati ya dua. Aliimba. Mama mkwe aliuliza chumbani kama kuna mtu amepata mimba.

Mizani naye alitamba. Kila aliyeleta chuma yadi alisimuliwa habari za muuza kompyuta aliyeshangazwa na kiganja chake.

Jioni ile, baada ya chakula, alisimama nyuma ya kiti cha mkewe. "Unaona? Mia nane hizo."

"Naona," Mkasi alisema, na kwa sababu alikuwa na furaha aliongeza, "Ahsante."

Kilichobaki kilikuwa kuitoa filamu nzima, vipande vyote viunganike kuwa faili moja, kazi ambayo huifanya kadi ifanye kazi kwa nguvu zake zote. Siku iliyofuata, baada ya kumwogesha mama mkwe, Mkasi aliibonyeza itoke, akaenda kuanika mashuka. Alikuwa na kibanio cha nguo mdomoni aliposikia mlio, mlio mfupi, mkavu. Alipofika sebuleni umeme wa nyumba nzima ulikuwa umekatika, moshi mwembamba ulikuwa ukitoka nyuma ya kompyuta, na harufu ilikuwa imeshafika chumbani.

"Mkwe, unaunguza sufuria?"

Mkasi alichomoa waya ukutani, akakaa sakafuni na kile kibanio bado mdomoni.

Mizani alikuja kutoka yadi na bisibisi mkononi.

"Usiifungue," Mkasi alisema. "Kuna stika ya dhamana pale. Ukiikata hawataipokea."

"Lazima nijue kilichotokea."

"Kilichotokea tunakijua. Ipeleke ilivyo."

"Nakwambia ni kitu kidogo, fyuzi tu," Mizani alisema, na stika ikakatika kabla ya sentensi kwisha.

Alifungua kifuniko. Ndani kulikuwa na kibao kidogo cha umeme kilichoungua, chembamba, kisichozidi cha kuchajia simu. Nafasi nyingine yote ilikuwa imechukuliwa na kitu cha mstatili kilichopakwa rangi nyeusi na kushikiliwa kwa gundi. Mizani alikichokoa kwa bisibisi. Rangi ikabanduka, unga wa kijivu ukamwagika kwenye magoti yake.

Ilikuwa zege. Saruji na kokoto, kama za msingi wa nyumba.

Alikiweka kiganjani kwa mazoea tu, mkono ulikwenda wenyewe, kisha akauona mkono wake na akakiteremsha chini. Mtu aliyewarudisha wote waliojaza mchanga kwenye mota alikuwa amelipia kipande cha zege, akakisifia, na akashukuriwa na mkewe. Masikio yalimwaka.

Mkasi alianza kucheka. Haikuwa furaha. Ni kicheko kile kinachomjia mtu akiwa amebeba ndoo ya maji kichwani halafu mvua ikaanza.

"Shaba," alisema. "Transfoma nzito. Mwanamume, umeninunulia zege."

"Basi."

"Hapana, sio basi. Tunaweza kujenga. Ukininunulia nyingine tatu tunamaliza choo cha nje."

"Nimesema basi."

"Mchagua nazi hupata koroma," mama mkwe alisema kutoka chumbani, ingawa hakuna aliyemuuliza.

*

Mizani aliirudisha pawa saplai dukani peke yake. Muuzaji hakuigusa hata kidogo.

"Stika imekatwa, mzee."

"Ndani kuna zege."

"Mimi nauza masanduku, sijui yanavyozaliwa. Angekuwa mkeo amechagua, ningemwonea huruma. Lakini mkeo alitaka ile ya kijivu, wote tulisikia. Wewe uliinua, ukasema ina shaba."

Mteja mmoja aliuliza kwa upole kama pawa saplai huuzwa kwa kilo siku hizi. Watu wakacheka. Mizani alitoa kadi ya mkewe kwenye mfuko aliokuja nao, akaomba angalau ipimwe. Muuzaji aliifunga kwenye mashine yake, akabonyeza, akangoja, akabonyeza tena, kisha akaichomoa na kuirudisha mezani. Zege la Mizani lilikuwa limeondoka na kadi ya Mkasi.

Diski tu ndiyo iliyosalimika, pamoja na harusi iliyohifadhiwa ndani yake. Mkasi aliiweka kwenye mkoba jioni ile ile.

"Kesho naenda studio," alimwambia mumewe.

"Na mama?"

"Utabaki naye."

"Na yadi?"

"Ifunge."

"Mke wangu, yadi haifungwi hivi hivi. Watu wataleta mali wakute kufuli."

"Mimi nimefungwa hapa miaka miwili. Nani alikuta kufuli akauliza?"

Mizani alikuwa amekwisha kulitumia neno lake, kwenye zege.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na Mizani alikuwa akiutazama mzigo huo kila siku akiingia na kutoka bila kuhisi chochote. Sasa aligundua kwamba mama yake hunywa chai ya vuguvugu, si ya moto wala ya baridi, na akipewa isiyo sawa huitema. Kwamba kumgeuza kunaanzia kiunoni, si mabegani. Kwamba akisema "chooni" kuna muda mfupi sana wa kutafakari. Alifua shuka moja mara tatu. Mteja wake mmoja wa vyuma alimfuata mpaka nyumbani, akamkuta ameshika beseni, akasahau alichokuja kuuza.

"Mkeo hunikanda miguu," mama yake alimwambia. "Wewe unanikanda kama unga."

*

Harusi ilikamilika studio, bosi akalipa, na Mkasi akapewa harusi nyingine, na nyingine. Mizani alingoja. Alikuwa na lundo la shaba alilolificha yadi akingoja bei ipande. Akaliuza kabla bei haijapanda, akampitia mkewe studio siku moja jioni, akamwomba amsindikize dukani. Hakwenda kwa muuzaji yule. Alisimama mlangoni mwa duka jingine, mikono nyuma, mpaka Mkasi alipomaliza kuchagua, akalipia kadi na pawa saplai ya kijivu, akabeba mfuko.

Mkasi alivifunga vyote Jumapili mchana. Akafungua video ya sherehe ya watu wenye ndugu wengi, wanaocheza wote kwa pamoja, vumbi juu. Ikaenda bila kigugumizi. Akaitoa filamu nzima, na kompyuta ikafanya kazi saa nzima huku feni zake zikisikika kwa mbali tu.

Mizani aliketi ukingoni mwa kochi. Alikuwa amekonda kidogo.

"Imepona," alisema.

"Imepona."

"Basi mpigie bosi wako. Mwambie kuanzia kesho kazi ziletwe hapa, kama zamani."

Mkasi aliitazama mashine. Aliitaka mashine hii mwaka mzima, aliiwekea akiba, aliipimia rula. Sasa ilikuwa mbele yake, nzima, na hamu haikuja. Studio kulikuwa na kiti kibovu na mwenye studio mwenye mdomo, lakini alikuwa akimaliza harusi bila kuitwa hata mara moja, na saa saba mchana alikula chakula chake kingali cha moto. Alikuwa amesahau kwamba watu huishi hivyo.

"Sirudi," alisema.

"Nimeuza shaba yangu yote kwa ajili ya hii."

"Najua. Ahsante. Nitakuwa naitumia jioni na Jumapili."

"Na mama, je? Nani atakaa na mama?"

Mkasi alikuwa amechoka kulijibu swali hilo kwa mikono yake. Mizani akageukia mlango wa chumbani, kama mtu anayejua ana shahidi.

"Mama, unasikia maneno haya?"

"Nasikia," mama yake alisema. "Mwache mwenzio aende kazini. Vyuma vyako havina miguu, utavikuta. Mimi nilikuzaa wewe, huyu sikumzaa."

Mizani aliinuka, akapita nyuma ya kiti cha mkewe, akaenda jikoni kubandika maji ya kumwogesha mama yake.